Mkono Ambao Mama Tupa Hakuupima

Saa mbili asubuhi, na Mama Tupa ameshakasirika.

Kisu kilichomkasirisha kimelala juu ya meza yake ya kazi. Kinang'aa. Mgongoni kina meno ya msumeno. Mpini wake ni bomba tupu la bati, na mwisho wa bomba kuna kifuniko chenye dira. Ukikifungua unakuta njiti za kiberiti, sindano na uzi. Mwenye kisu, kijana anayeongoza wageni kupanda mlima, amesimama mbele ya meza akitabasamu kama mtu aliyeleta posa.

"Mama, naomba uninolee pande zote mbili," anasema.

"Ili iweje?"

"Kikate kwenda na kurudi."

 Mama Tupa analibana bapa la kisu kwenye jiliwa, kibanio cha chuma kilichofungwa mezani, anashika mpini kwa mkono mmoja na kuusukuma kidogo tu. Mpini unacheza. Anausukuma tena, kifuniko kinafyatuka, na dira inabingirika sakafuni.

"Dira yako imekwenda kutafuta kaskazini chini ya meza," anamwambia. "Ukiiona, iulize na njia ya dukani, ukarudishe hili dude."

Hivyo ndivyo siku zake zinavyoanza, na nyingine huanza vibaya zaidi. Banda lake la mbao limebanwa kati ya stoo ya saruji na kibanda cha fundi wa viatu. Ndani kuna jiliwa, vinoo vinne ndani ya beseni la maji, tupa za kusagia chuma zilizotundikwa ukutani kubwa hadi ndogo, na ndoo ya udongo wa mfinyanzi iliyofunikwa kwa gunia bichi. Jina la Tupa alipewa na wachinjaji, wateja wake wa mwanzo, kwa sababu tupa haimtoki mkononi. Wapo wanaoapa kwamba waliwahi kumwona nayo msibani.

Marehemu mume wake alikuwa fundi wa springi za malori. "Aliniachia watoto watatu na rundo la springi," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Watoto walikuwa wanakula, springi zilikuwa zinangoja. Nikaanza na zinazongoja."

Alianza kwa kunoa visu vya buchani na kuzichonga springi hizo kuwa mabapa ya visu. Kisha wakaja watu wa msituni: warina asali, wapima mipaka, walinzi wa misitu, waongoza wageni. Hao hawakutaka kunolewa tu. Walitaka kisu kinachokata kamba, kinachochonga kigingi, kinachopasua kuni mvua inaponyesha, na kinachorudi nyumbani kizima. Tatizo, anasema, wanataka kisu hicho halafu wananunua kingine.

Kwa wiki hupokea visu saba au nane vya porini. Vinavyostahili jasho lake, kwa maelezo yake mwenyewe, havizidi viwili. Kazi humpa chakula na kodi ya banda, na ikiisha hiyo imeisha. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunji vizuri, na mabega humuuma hata akichota maji.

"Lakini mabega hayanichoshi kama midomo yao," anasema. "Mtu anakuja na kisu kirefu kama mguu wangu. Namuuliza, ulitaka panga? Anasema hapana, kisu. Sasa si ununue kisu! Mwingine anataka kiwe cheusi, mwingine kiwe na tundu, mwingine anasema kwenye sinema alikiona kinatupwa kinachoma mti. Mti ulikukosea nini wewe?"

Akitulia kidogo, na hutulia mara chache, anaeleza. Kisu cha porini huchaguliwa kwa kile usichokiona. Uliza chuma kimeingia mpaka wapi ndani ya mpini. Kikipita mpaka mwisho, una kisu. Kikiishia njiani, umenunua nusu na nusu nyingine utaimalizia kwa damu. Meno ya mgongoni yeye huyasaga yote, kwa kuwa ukitaka kupasua kuni lazima uugonge mgongo wa kisu kwa gogo, na meno hayo hutafuna gogo badala ya kusaidia. Anauacha mgongo ukiwa bapa na kingo zake kali, ili uparuzwe kwenye kijiti cha chuma kinachotoa cheche na moto uwake. Hayo yote kwa tupa, taratibu, akichovya chuma majini kila mara. Mashine ya kusagia hataki kuiona. Chuma kikipata moto mpaka kigeuke rangi ya buluu, anasema, umeshakiua, na hakuna kinoo kitakachokifufua.

Mpini, kwake, hauanzi mpaka mteja atie mkono kwenye udongo.

Kijana wa dira amekubali yaishe. Miongoni mwa mabapa ya Mama Tupa amechagua moja fupi, lisilo na urembo wowote, na sasa anapewa bonge la udongo.

"Kamata."

Anakamata kwa ncha za vidole.

"Hujaja kuchagua nyanya. Kamata kama unaning'inia na chini huoni!"

Anaminya mpaka mishipa inamtoka. Mama Tupa anauchukua udongo, anaugeuzageuza kwenye mwanga, anaweka alama kwa penseli juu ya vibao viwili vya mti mgumu, kisha anaufinyanga tena na kuurudisha ndooni. Hajawahi kumtengenezea mtu mpini bila kufanya hivyo, awe mkubwa wa kikosi au mrina asali. Kijana anaambiwa arudi saa nane.

Anapoondoka, Mama Tupa anafunua kitambaa kwenye rafu. "Hiki ndicho kisu," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inashuka.

Kimetokana na springi ya mwisho ya marehemu. Bapa lake halizidi kiganja kwa urefu, mgongo umenyooka, na chuma kimepita ndani ya mpini wote kikatokeza nyuma, penye tundu la kamba. Mpini ni wa mti mwekundu, umepigwa msasa mpaka unateleza, na umechongwa vishimo vinne, kila kidole na nafasi yake.

Ni cha kitindamimba wake, ambaye amepata kazi ya ulinzi wa msitu. Jioni ya leo anapanda na kikosi kwenda msitu wa juu kwa zamu yake ya kwanza. Mwaka jana, katika zamu kama hiyo, mlinzi mmoja alinaswa mguu na mizizi. Akatoa kisu chake cha dukani kuikata, bapa likakatikia kwenye mpini na kumpasua kiganja. Wenzake walimshusha kwenye machela ya matawi. Mpaka leo mkono huo haufungi kifungo cha shati.

"Niliposikia habari ile, sikulia," anasema Mama Tupa. "Nilikasirika. Nikasema wangu hatapanda na bomba la bati."

Saa sita na nusu mwanawe huyo anafika, sare mpya, mkoba mgongoni. Anainama kidogo mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula? Na hilo dude kiunoni ni nini?"

Kiunoni kuna kisu cheusi chenye meno ya msumeno. Kijana anakifunika kwa kiganja. "La akiba tu, mama."

Anapewa kisu chake. Anakishika, anatabasamu, anasema, "Kizuri sana, mama. Asante," na kukisukumiza haraka ndani ya mkoba.

Fundi wa viatu, jirani wa miaka mingi, ndiye anayeshona ala za visu vyote vya Mama Tupa. Ameleta ala aliyoimaliza asubuhi, na macho yake ni ya mtu aliyezoea kuangalia mahali kiatu kinapobana.

"Hebu kitoe," anasema. "Kishike tena."

"Kiko sawa, baba mdogo."

"Kishike nikuone."

Kijana anakishika. Kidole chake cha mwisho kimebaki nje ya mti, hewani. Vidole vingine havikukaa kwenye vishimo. Vimepanda juu ya matuta yaliyo kati yake.

"Mbona huyu mdogo amekosa kiti?" anauliza fundi wa viatu. Anamgeukia Mama Tupa. "Ulimpima?"

"Nimpime nini? Mkono huo si nilikuwa naukata kucha mwenyewe?"

"Lini?"

Mama Tupa anaanza kuhesabu miaka kwa vidole, anaishia njiani.

"Kinyozi hajinyoi," anasema fundi wa viatu, ambaye hajui kunyamaza.

"Wewe kashone viatu!"

Lakini ameshakiona kidole. Anamtazama mwanawe, na mwanawe anatazama sakafu. "Ulikuwa unakipeleka wapi kwenye mkoba?"

"Ningekiweka tu, mama. Sikutaka kukuudhi."

"Kwa hiyo changu kingelala na soksi, na hilo la bati lingekaa kiunoni?"

 Mama Tupa anapiga meza mpaka tupa zinalia ukutani. Anamkasirikia kijana kwa adabu yake, anamkasirikia jirani kwa macho yake, anaikasirikia na meza. Ana aibu, na aibu yake haijui mlango mwingine wa kutokea. Watu wote wa mji huu ameshawaminyisha udongo, na huyu mmoja akamtengenezea kwa kukumbuka.

Mwishowe anafunua ndoo. "Kamata."

Kijana hahitaji kufundishwa. Anaminya, udongo unachomoza juu na chini ya ngumi. Mama Tupa anaupokea na kuweka vidole vyake mwenyewe kwenye alama. Vinapwaya. Anavitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama udongo wa mteja yeyote leo.

"Umekua lini wewe?"

"Mama, nina miaka ishirini na sita."

"Sikukuuliza miaka."

"Mtoto kwa mama hakui," anasema fundi wa viatu, safari hii kwa upole, na hafukuzwi.

Mama Tupa anachukua patasi. Misumari mitatu ya shaba inang'oka, na mti mwekundu, kazi ya wiki tatu, unapasuka vipande viwili mezani. Kuchonga mti mwingine tangu mwanzo hakuna muda. Gari la kikosi linakuja saa kumi. Anaangaza macho bandani na kuvikamata vibao vya kijana wa dira, vilivyokwisha kukatwa. Chuma kilichotokeza nyuma, penye tundu la kamba, sasa ndicho kinachookoa: mpini mpya unakifunika, unakuwa mrefu, na bado chuma kinafika mwisho.

Vishimo vya vidole havirudi.

"Kila siku nawakataza," anasema huku akipiga tupa, bila kuinua kichwa. "Nawaambia vishimo ni urembo. Mkono ukilowa huvimba, ukipata baridi husinyaa, vishimo havihami. Halafu mimi nikamchimbia vinne. Nilitaka kiwe kizuri. Basi tofauti yangu na hawa wa dira ni ipi?"

 Fundi wa viatu amerudi kibandani kuipanua ala.

Saa nane kijana wa dira anarudi na kusimama mlangoni. "Mama, si ndivyo vibao vyangu hivyo?"

"Vilikuwa."

"Sasa mimi?"

"Mlima umehama? Njoo kesho."

Anaanza kulalamika, anamwona mlinzi mwenye sare ameketi juu ya mfuko wa saruji akiangalia saa, na analalamika kwa sauti ndogo zaidi. Anabaki hapo hapo kutazama kazi.

Honi ya gari la kikosi inalia misumari ya shaba ikiwa bado ya moto kwa kugongwa. Mwana wa Mama Tupa anakishika kisu. Vidole vyote vimepata mahali. Anakiweka juu ya kipande cha kuni, anaugonga mgongo wa kisu kwa gogo, kuni inafunguka. Hasemi kwamba ni kizuri. Anafungua mkanda, anavua kisu cheusi, anakiacha mezani na kuvaa ala ya fundi wa viatu.

Mama Tupa anamfuata mpaka barabarani, vumbi la mti limemjaa kwenye nyusi.

"Usikirudishe kwenye ala kikiwa kimelowa! Usikitumie kufungulia makopo! Usimwazime mtu, hata bosi wako!"

"Haya, mama."

"Na ule!"

"Haya, mama."

Wenzake garini wanacheka. Gari linakata kona.

Bandani, fundi wa viatu anaokota bonge la udongo lenye alama za vidole, anataka kulirudisha ndooni.

"Liache hapo," anasema Mama Tupa.

Mwandishi anamuuliza mipango yake. Anataka jiliwa ya pili, anasema, na bango mlangoni linalosema visu vya sinema havipokelewi. Anataka mashine ya kusagia ya jirani wa saruji ife. Kisha anakaa, anajifuta nyusi, na kufanya kile ambacho wateja wake hawajawahi kumwona akifanya: anaiweka tupa chini.

"Unajua wanavyoniudhi wakileta visu butu, vimejaa kutu na matope?" anasema. "Huyu wangu namwombea alete hivyo hivyo. Kije butu, kije na kutu, hata ncha iwe imevunjika, nimgombeze mpaka stoo ya saruji isikie. Ila akilete mwenyewe."