Kikohozi cha Baba Mkwe

Nimeishi nchi ya watu, huku Ikuti, Tanzania, muda wa kutosha kuota ukungu masikioni. Kwetu Nakuru mvua hubisha hodi. Hapa Rungwe inaingia, inavuta kiti na kuomba chai. Mvua nimeizoea. Kilichotaka kunirudisha Kenya kwa miguu ni kikohozi cha baba mkwe.

Kosa nililifanya siku ile ile niliyoletwa. Kwetu mzee wa nyumba unamfuata, unampa mkono, unamuuliza habari mpaka za kuku. Nikamwona mzee anatokea migombani, nikamkimbilia mikono mbele. Mzee wa watu akaruka nyuma utadhani amekutana na chui, akatoweka, kofia ikabaki chini. Mama mkwe akanivuta kitenge.

"Mwanangu, huyo humtazami, huongei naye, wala hampishani njiani. Ni mkweo."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka lini nini?"

Si kila nyumba inashika mila hiyo siku hizi. Pale mjini Tukuyu wapo wakwe wanaokula meza moja na kugombania rimoti. Mimi nikaangukia kwa mzee aliyeishika kwa mikono miwili na meno.

Sasa, mimi ni fundi cherehani. Kidato cha nne nilikimaliza shule ya jioni, mchana nikishona, kwa hiyo kuchoka nakujua. Lakini uchovu wa baraza ile sikuwahi kuusomea. Cherehani yangu ilikaa barazani, na mzee akienda zizini lazima apite hapo. Akikaribia anakohoa. Akikohoa natupa kila kitu, nakimbilia ndani. Na alikuwa akienda zizini mara mia kwa siku. Nadhani hata ng'ombe alishachoka kumwona. Siku moja nilimwacha mwalimu mmoja wa kike amesimama barazani, mkono juu, futi ya kupimia ikining'inia begani.

"Fundi, niushushe mkono?"

"Bado! Baba anapita!"

Suruali ya mzee wa kanisa ikatoka mguu mmoja mrefu, kwa sababu ya kukimbia tu. Wateja wakaanza kupeleka vitambaa Kiwira, na mimi bila cherehani hapa kwa watu ni mgeni wa kulishwa.

Dawa ilikuwa kona ya shamba pale barabarani, nijenge kibanda, nishone kwa amani. Kona ni ya mzee. Mume wangu, dereva wa lori la ndizi, kila nikimwambia amuulize baba yake anakumbuka ghafla kwamba ana safari. Nikamtuma mama mkwe. Akarudi: "Amesema atafikiri." Nikamtuma tena. "Bado anafikiri." Mzee akafikiri mpaka shemeji yangu akaleta miche ya parachichi, akaipanga kwenye kona ile ile. Kesho yake wangechimba mashimo.

Nilikuwa barazani, hasira zimenijaa, nikasikia kikohozi. Siku hiyo sikuinuka. Niligeukia ukuta, nikaanza kuongea na cherehani kwa sauti ya mnadani.

"Wewe cherehani, jiandae. Tumeomba kona ya kibanda cha kushonea, tumejibiwa kwa parachichi. Nakufunga kamba, tunarudi Nakuru."

Nyayo zikasimama. Mzee alikuwa anamswaga ng'ombe wake. Kisha nikasikia:

"Ng'ombe, habari za kibanda wewe ulizisikia? Mimi niliambiwa mtu anataka mahali pa kuanikia nguo."

Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko. "Nilianza na kidogo! Kiwanja si kitu cha kumtamkia mtu ghafla."

"Ng'ombe, muda wote huu najiuliza, nguo gani hizo zinataka kona nzima ya barabara! Ukoo mzima wa Kenya unahamia?"

"Cherehani," nikasema, "mwambie ng'ombe tunataka hatua chache tu."

Mzee akamchapa ng'ombe taratibu. "Ng'ombe, kamwambie yule kijana wangu mashimo yake ayaanzie kwenye mgomba mkubwa, huku chini. Barabarani asiguse."

"Cherehani, sema ndaga fijo," nikasema, na machozi yalikuwa yananitoka. Asante sana, tena kwa Kinyakyusa chao, na nimeuambia ukuta.

Kibanda kipo, bati linang'aa, wateja wamerudi. Hakuna anayekohoa. Lakini juzi mzee alitaka suruali ya kanisani. Fundi ni mimi, na mwili wenyewe siruhusiwi kuutazama. Mama mkwe akaleta suruali kuukuu.

"Kama hii, ila amekonda kidogo."

"Kidogo kiasi gani, mama?"

"Kidogo."

"Basi mzungushie kamba kiunoni, uniletee kipimo."

"Mimi nimfunge mume wangu kamba?"

Nikakisia, nikashona. Jumapili mteja wangu mmoja akachungulia dirishani, akacheka mpaka akashika meza. Akaniambia mzee anapita, Biblia mkono mmoja, mkono wa pili umeshikilia suruali isidondoke.

"Fundi, ile kazi yako?"

"Yangu," nikamjibu, mgongo nimeupa dirisha. "Mkimbilie, mwambie aivue, uniletee niibane. Usiseme nimekutuma mimi. Sema ni cherehani."