Taa Zote Kulia

Shemeji yangu alikuwa na kesi na mimi. Treni yake ndogo ya bustanini, aliyoiunda mwenyewe, ilikuwa imegonga ndoo pembeni mwa tangi la maji, mabehewa matatu yakalala ubavu kwenye kokoto, na sasa amenisimamia kichwani nikiwa kwenye cherehani yangu, ameishika ile ndoo kama kizibiti cha mahakamani.

"Abiria, nimekukosea nini?"

"Mimi na ndoo yako wapi na wapi?"

"Juzi ndala zako. Jana kopo. Leo ndoo. Kila nikigeuka kuna kitu relini. Huu si utani tena."

Ndala zilikuwa zangu, sikatai. Lakini ndoo ilikuwa pale tangu asubuhi, nyekundu, kubwa kuliko treni yake nzima. "Shemeji," nikamwambia, "mtu mzima haoni ndoo?" Akaondoka amenuna, nami nikacheka mpaka uzi ukanichomoka sindanoni.

Kazini na mtaani wanamwita Kichwa, na sababu ni mbili. Kwanza ni dereva wa treni, na ile injini inayovuta mabehewa watu wa reli huiita kichwa. Pili ni mbishi. Akishasema kitu ni cheusi, umletee hata jua, atakwambia jua limekosea. Mimi aliniita Abiria kwa sababu nilikuja kumsalimia mkewe, ambaye ni dada yangu, nikae wiki mbili, na hadi leo sijashuka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa chekeche, nimchekechee kokoto za kutandika chini ya reli. Chekeche lenyewe lilikuwa la dada, la unga, na siku alipoligundua lina mchanga tulishinda na chai kavu.

Reli hiyo aliianza watoto wao walipomaliza kuoa na kuolewa na nyumba ikabaki kimya. Alizikata reli zake kutoka kwenye vyuma vya mapazia. Mataruma, vile vibao vinavyolala chini ya reli, aliyapasua kutoka kwenye makasha ya matunda, akayachovya kwenye oili chafu ili mchwa wasiyaguse. Kichwa cha treni kinazungushwa na mota ya waipa ya gari, na mabehewa ni makopo ya mafuta ya kupikia aliyoyakunja kwa koleo na kuyapaka rangi ya buluu. Penye mfereji wa maji ya vyombo alijenga daraja kwa vyuma vya miavuli mibovu, na daraja hilo, nasema bila kumpendelea, ni zuri. Yeye hukaa kwenye kigoda, mgongo ukutani pa jiko, na magotini ana kisanduku chenye swichi ya kuzungusha aliyoing'oa kwenye redio kuukuu. Mbele yake lipo daraja, kulia vitalu vya maua, kushoto tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo. Treni huyazunguka yote hayo na kurudi kupita miguuni pake.

Kazi ya reli ile haikuwa na mwisho. Jua likiwaka vyuma vinatanuka, basi anavipunguza kuacha mwanya. Mvua ikinyesha tuta linatitia, basi analijenga upya kwa kijiko. Dada alikuwa akisema angekuwa anamshughulikia yeye hivyo angekuwa bado mwari. Na mwaka huo marekebisho yakawa ya kuhamisha. Stesheni iliyokuwa kwenye tangi aliing'oa akaipeleka kwenye maua, akidai kule kuna kivuli kingi. Ikafuata taa ya kwenye kamba ya nguo, eti haionekani vizuri pale. Ikafuata karakana. Mimi mwenyewe nilimsaidia kubeba.

Siku moja baada ya kesi ya ndoo nilikuwa napinda gauni, nikainua shingo kuinyoosha, na bustani nzima ikanijia kwa mara moja. Stesheni zote zilikuwa kulia. Taa zote kulia. Kushoto zilibaki reli tupu na magugu yamefika kwenye vifundo vya miguu, na huyu ni mtu anayeng'oa jani moja moja kwa vidole kila asubuhi. Nikaanza kukumbuka mambo mengine. Begani kushoto alikuwa na alama isiyopona, maana kila siku lazima agonge fremu ya mlango wa jiko. Mezani alikuwa akiacha kipande cha nyama upande mmoja wa sahani, na dada akimtania kwamba anamwekea mke mdogo. Nilikumbuka ni upande gani: kushoto.

Jumamosi hiyo alikuwa akabidhiwe treni ya haraka ya abiria, aiendeshe peke yake. Miaka yote amekuwa na msaidizi, na msaidizi hukaa kushoto, kazi yake kuzitamka taa za upande ule, kijani au nyekundu, dereva akaitikia. Hiyo treni mpya haina msaidizi. Bustanini taa usiyoiona unaing'oa, unaipeleka kulia. Kwenye reli ya kweli taa haihamishwi, na nyuma ya dereva wamekaa watu na watoto wao. Niliogopa, sifichi.

Nikamfuata dada jikoni, nikamweleza yote. Hakuinua hata uso kwenye viazi alivyokuwa akimenya.

"Macho yake wameyapima kazini mwezi uliopita. Kasoma herufi zote mpaka zile za chini kabisa. Kapewa cheti, macho mazima."

"Herufi zipo mbele, dada. Ndoo ilikuwa kushoto."

"Umekuwa daktari?"

"Mimi fundi cherehani. Lakini kitambaa kikiwa kimepinda nakiona."

"Treni hii ameisubiri tangu hana mvi. Leo kaipata, wewe unataka amwage unga?"

"Nataka asimwage watu."

Kisu kikasimama. Nilidhani nimempata. Akachukua kiazi kingine, akasema, "Mume ni wangu," na mazungumzo yakaishia hapo.

Mchelea mwana kulia hulia yeye, nikajiambia, na shemeji si mwana lakini ndiye niliyenaye. Jumamosi asubuhi alikuwa kwenye kigoda chake akizungusha treni kuondoa mchecheto, kwa sababu zamu yake ilikuwa mchana. Dada alikuwa ndani akipiga pasi shati la kazi, na mlango wa jiko ulikuwa wazi. Nikaenda nikasimama mbele yake.

"Shemeji, huoni kushoto."

Alidhani ni utani, akasubiri nimalizie. Alipoona simalizii uso wake ukabadilika.

"Nani kakwambia?"

"Reli yako."

Nikamwonyesha stesheni, nikamwonyesha taa na magugu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu Kichwa hamsikilizi mtu mpaka mwisho. Kisha akasimamisha treni.

"Nyani haoni kundule. Wewe uzi unautafutia tundu nusu saa, ndiyo uje unipime macho mimi? Mkate unaokula humu ndani unatoka kwenye macho haya."

"Ndiyo maana nayasemea."

"Mimi nimeendesha treni wewe hujui hata kupanda!"

Ningeweza kurudi kwenye cherehani yangu, na nilitamani kweli. Badala yake nikamwambia, "Basi nipime mimi. Nikiwa mwongo, leo leo nashuka."

Akanitazama. Ubishi wake ndio ulionisaidia, kwa sababu Kichwa hajawahi kukataa shindano. "Leta kitambaa chekundu," akasema. "Na mizigo yako uanze kuipanga kabisa."

Kanuni aliziweka yeye. Atakaza macho kwenye daraja, kama dereva anavyoikazia njia macho. Mimi nisimame kwenye tangi, niinue bendera wakati wowote ninaotaka. Akiiona tu anasimamisha treni. Nilikata kitambaa kwenye mabaki ya sketi ya mteja, nikakifunga kwenye rula ya mbao, nikaenda kusimama kwenye magugu. Toka kwenye kigoda hadi kwenye tangi hakuna hata umbali wa kurusha ndala.

Dada akatokea mlangoni, shati limelala mkononi, bado lina joto la pasi.

Treni ikaondoka. Ilipita kwenye maua, ikapiga kelele zake ndogo juu ya daraja, ikaja upande wangu. Ilipokuwa bado darajani niliinua bendera, mkono wote, mpaka kwapa. Yeye alikuwa amekaza macho mbele, kidole kwenye swichi, na pembeni mwa mdomo ana kicheko cha mtu anayejua atashinda. Treni ikanipita miguuni. Ikampita yeye. Ikaingia mzunguko wa pili.

Simamisha, nikamwomba moyoni. Simamisha nipange mizigo yangu, nipande basi, nikawe kichekesho cha ukoo mzima. Sijawahi kutamani kushindwa hivyo. Mkono ulianza kuchoka, kitambaa kikawa kinapigapiga kwenye bati la tangi, na bado alikuwa anatabasamu. Treni ikavuka daraja mara ya tatu.

"Inua basi, Abiria! Nina kazi leo."

Niliishikilia bendera palepale.

"Au umeogopa?"

"Nimeinua, shemeji."

Akageuza kichwa chote kunitazama. Akaiona bendera, akauona na mkono wangu ulivyochoka. Kile kicheko kikabaki usoni kidogo, hakijui pa kwenda.

"Umeinua sasa hivi."

"Hapana."

"Umeinua sasa hivi niliposema! Unadhani mimi mtoto?" Akageukia mlangoni. "Mama watoto. Wewe ulikuwepo. Ameinua lini huyu?"

Dada alikuwa akilitazama shati. Namjua dada yangu. Angesema nimeinua sasa hivi, ningepanga mizigo, mumewe angevaa lile shati na kwenda zake, na nyumba ingekuwa na furaha mpaka jioni. Treni ilikuwa bado inazunguka, hakuna aliyeikumbuka.

"Mama watoto, nakuuliza."

"Tangu mzunguko wa kwanza." Sauti ilimtoka nusu. "Baba, ameinua tangu mzunguko wa kwanza. Nilidhani unatania."

Kichwa akakaza tena macho kwenye daraja, akaziba jicho moja kwa kiganja, akaliachia, akaziba la pili. Nikainua bendera tena bila kuambiwa. Alifanya vile mara kadhaa, polepole, kama mtu anayepapasa mfukoni akitafuta ufunguo.

"Jicho hili na hili, sawasawa. Hata giza hakuna," akasema. "Ningeona giza ningejua. Hakuna kitu tu."

Ndipo akazima swichi. Treni ikasimama katikati ya daraja. Akaomba simu, dada akamletea, naye akampigia bwana zamu, anayewapangia madereva treni. Sauti ya bwana zamu ni kubwa, tuliisikia wote.

"Leo sipandi," Kichwa akamwambia.

"Hupandi vipi? Abiria wameshaanza kufika!"

"Kichwa kibovu."

"Kibovu? Jana mafundi wamekikagua mbele yangu! Kichwa namba ngapi?"

Kichwa akanitazama mimi, kisha akamtazama dada aliyesimama kushoto kwake, ikabidi ageuze shingo ili amwone.

"Macho mliyapima wenyewe mkanipa cheti," akasema. "Basi kimebaki kichwa. Hiki changu."

Upande wa pili bwana zamu akaanza kuuliza kwa sauti nyingine kabisa, ya mtu na ndugu yake, kama yuko nyumbani, kama kuna mtu wa kumpeleka hospitali. Kichwa akamjibu ndiyo, ndiyo, akampa dada simu. Akainuka kwenda kubadili nguo. Alielekea mlango wa jiko kama anavyouelekea kila siku, bega la kushoto moja kwa moja kwenye fremu, na mimi nikafungua mdomo kumwambia. Dada aliniwahi. Alikuwa ameshaweka kiganja chake pale kwenye mbao, na bega likagonga mkono wake.