Vidole vya Joanitha Mbele ya Mashine

Mashine ilikataa mara ya kwanza, ikakataa ya pili, na ya tatu ikalia kama jogoo aliyekanyagwa mkia. Joanitha akaviinua vidole vyake kutoka kwenye kioo, akavitazama. Vilikuwa safi kuliko vya mtoto aliyezaliwa leo, na hapo ndipo palipokuwa na balaa.

"Mama, vidole vyako havina mistari," alisema Adventina, binti wa wakala wa kazi za nje, aliyeileta mashine ile Bukoba mjini. "Umevifanya nini?"

Joanitha akashikwa na aibu. Mwanamke wa Kamachumu humenya ndizi kila siku ya Mungu, na utomvu humwachia vidole vyeusi kama sufuria ya msibani. Sasa yeye alikuwa amepata kazi ya kufua mashuka katika hospitali moja huko Muskati. Akajiuliza, nani atamkabidhi mashuka meupe mtu mwenye vidole vyeusi? Basi jana yake alikaa nyuma ya nyumba na majivu na jiwe la kusugulia visigino, akasugua tangu adhuhuri mpaka kuku wakaingia kulala. Jiwe lenyewe lilibaki nusu, na anayebisha akaliulize. Utomvu ulitoka, ngozi nayo ikaufuata.

"Viza haigongwi kwenye pasi ya kusafiria bila alama za vidole," Adventina akasema. "Kesho nakwenda Mwanza. Nitapita tena hapa Jumanne ijayo, na hiyo ndiyo mara ya mwisho. Mashine ikikataa, kazi anapewa mwingine. Wapo kumi na wanne wanaisubiri."

"Nifanyeje, waitu?" Joanitha akamsihi, Kihaya kikimtoka.

"Paka mafuta. Usiguse majivu, sabuni ya kufulia, wala utomvu. Ngozi ikirudi, mistari nayo itarudi."

Joanitha akarudi Kamachumu mikono juu, kama mtu aliyejisalimisha kwa polisi. Mama mkwe wake, Serafina, akamyeyushia samli, akampaka, akamfunga vitambaa. "Siku saba mke wa mtu hamenyi ndizi!" akanung'unika. "Hata bibi harusi hadekezwi hivi." Lakini kisu akakishika yeye. Nje hawakumwambia mtu. Safari ya ng'ambo haitangazwi kabla ndege haijapaa. Kijicho kina masikio marefu.

Siku ya nne ikaja habari kutoka Kagoma kwamba kaka yake Serafina amefariki. Serafina akafunga kanga akaenda kuzika. Nyumbani wakabaki Joanitha, mumewe Eliud, na watoto watatu, mkubwa wao akiwa bado na meno ya utoto. Mchana Eliud akanunua mkate. Jioni akapika wali, ukaungua chini na kubaki mbichi juu. Watoto wakala mpaka matumbo yakawa ngoma, kisha wakaangua kilio kwamba tangu asubuhi hawajala. Mtoto wa Kihaya asiyeona ndizi sahanini, kwake hicho hakikuwa chakula.

Asubuhi iliyofuata Joanitha akafungua vitambaa. Kwenye kidole cha shahada mistari ilikuwa imeanza kuonekana, myembamba kama nyuzi za buibui. Kwenye gumba la kushoto hapakuwa na kitu. Mtoto mdogo akalia tena. Joanitha akachukua kisu.

"Weka kisu," Eliud akasema.

"Baba Kezia, watoto wana njaa."

"Weka kisu, nimesema!"

Akaufunga mlango. Kisha yule mwanamume, aliyezaliwa na mwanamume ambaye hakuwahi kugusa ndizi ila iliyoiva mezani, akaketi chini, akanyoosha miguu, akaanza kumenya. Ndizi iliyoingia nene kama mkono ilitoka kama kidole.

"Kata juujuu, unawalisha mbuzi!" Joanitha akamwelekeza, mikono kaificha kwapani ili isimsaidie.

Hapo mlango ukasukumwa. Alikuwa Georgina, jirani, amekuja kuomba chumvi. Akaganda kizingitini.

"Yesu wangu! Eliud! Ndizi mapajani?"

"Namsaidia mke wangu."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi kakulisha nini?"

Kabla jua halijafika utosini Kamachumu nzima ilikuwa na habari kwamba Eliud kalishwa dawa. Kufikia alasiri zilikuwa zimewafikia wavuvi visiwani, na sangara nao wakazisikia. Kilabuni wenzake wakamwachia benchi zima akae peke yake. Eliud akanywa, kesho yake akamenya tena. Angesema neno moja tu, viza, wangemwelewa. Hakulisema.

Jumanne wakafika Bukoba mapema, wa kwanza mlangoni. Vidole vinne vya kulia vikapita, taa ikawa ya kijani. Vinne vya kushoto vikapita. Gumba la kulia likapita. Kwa gumba la kushoto taa ikawaka nyekundu.

"Tena," Adventina akasema.

Nyekundu.

Joanitha akalipangusa gumba kwenye kanga. Eliud, nyuma yake, alikuwa amegeukia ukutani.

"Mara ya mwisho, mama. Na usikandamize. Weka taratibu, kama unamgusa mtoto aliyelala."

Joanitha akafumba macho, akaweka. Akangoja mashine ilie. Haikulia. Alipofumbua macho, taa ilikuwa ya kijani.

Wiki ya tatu pasi ikarudi. Walikaa kitandani wakaifunua, na viza ilikuwepo kweli, imegongwa muhuri wa bluu uliopinda kidogo. Eliud akasoma kila herufi, akarudia tarehe.

"Miaka miwili," akasema.

"Miwili."

Eliud akaifunga pasi. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia ya kwenda mbali: "Kumenya nimeshajua. Maji unaweka kiasi gani?"