Ndama Hawamo Kitabuni

Asubuhi ile kule Endagikot mimi na Boay tulikuwa tunapalilia maharage ya mama yake, tukibishana ng'ombe wa nani anatoa maziwa mengi. Boay alikuwa jirani yangu na rafiki yangu, na kwa habari za ng'ombe alikuwa hashindiki. Mkewe aliketi ukingoni mwa shamba akimnyonyesha binti yao, Marselina. Ndipo akaja mjumbe: vijana waliopita mgambo wanatakiwa mjini Mbulu, nchi ina vita na Uganda. Boay alimaliza kwanza mstari wake, kisha akanawa mikono.

Sasa mimi ni mzee, naishi Katesh, na ugonjwa wangu ni vitabu vya historia ya siasa. Marselina, ambaye anafuga huko Hirbadaw, anaujua. Akija mnadani ananiletea kimoja: marais, majenerali, waliopindua na waliopinduliwa. Navipenda, sikatai. Ila wakubwa wa vitabuni hawatoki malengelenge. Wanavuka mto kwa sentensi moja. Sisi tulivuka buti zimejaa maji, tukachechemea mpaka jioni.

Mwezi uliopita alileta kitabu kinene cha vita ile yetu. Macho yangu yamechoka, basi akanisomea yeye. Nilijua anachotafuta. Amekua akiambiwa tu kwamba baba yake alifia vitani, na jina la kijiji. Mimi nilimsimulia mama yake yote niliporudi, naye akaniomba nisimwambie mtoto. Nikaliheshimu ombi lake mpaka tulipomzika mwaka jana.

Tukafika kwenye kile kijiji, ng'ambo ya mpaka. Kitabu kinaeleza kamanda alivyopanga hesabu zake, kisha kinasema jeshi lilipita pale bila upinzani. Marselina akaacha kusoma, kidole bado kiko kwenye ukurasa.

"Baba, si ni hapa alipofia baba yangu?"

"Ni hapo, mwanangu."

"Sasa mbona hakuna kitu?"

Nikamwambia.

Kijiji kilikuwa kitupu. Wenyeji walikuwa wamekimbia, askari wa adui wameondoka. Ng'ombe walizagaa nje, wana pembe ndefu ajabu, viwele vimejaa mpaka maziwa yanadondoka. Ndama wao walikuwa wamefungiwa zizini, wanalia. Mtu wa kwetu hawezi kusikia kilio kile akakaa.

Tulikuwa tumekatazwa kugusa mlango wowote.

"Hawa watakufa," Boay aliniambia kwa Kiiraqw.

Nilimshika mkono. Akautoa taratibu, akaenda.

Aliondoa magogo ya mlango moja moja. Ndama wakatoka mbio. Akasogea pembeni kuwapisha, kama tunavyofanya sote kila asubuhi nyumbani.

Bomu lilikuwa limefukiwa pale pembeni.

Nilipomfikia alikuwa ameshakata roho. Tulimzika kando ya zizi, tukaendelea na safari. Nimezika watu wengi tangu siku ile, wazazi wangu wakiwemo, na bado huyo ndiye anayeniuma zaidi.

"Mama yako alichelea maneno ya watu," nilimwambia Marselina. "Kwamba mumewe alikwenda vitani akafia ndama wa wenyewe. Alitaka ubaki na baba shujaa."

Aligeukia mlangoni. Nje wachuuzi walikuwa wanafunga mizigo yao. Niliogopa, nilidhani nimempokonya kitu alichokishika maisha yake yote, na sina cha kumpa badala yake.

"Wale ndama," akasema, "waliwafikia mama zao?"

"Waliwafikia. Tulipokuwa tunachimba kaburi, walikuwa wananyonya."

Akalia, nami nikalia naye bila aibu. Kisha akafuta uso kwa kanga, akakifunga kitabu na kukiweka mezani.

"Hata mimi ningewafungulia," alisema.