Mpira wa Chuma Kaunta Namba Mbili

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya serikali hapa Morogoro mjini, akaingia bibi mmoja kutoka milimani. Alitua kaunta kitu alichokifunga kwa kanga, akakifungua. Ulikuwa mpira wa chuma, mkubwa kama boga, umeungua upande mmoja.

"Shikamoo, bibi. Umeutoa wapi?" karani akauliza.

"Marahaba. Umeanguka kutoka juu, karibu na chemchemi yetu. Mbuzi wangu wawili wamekufa. Maji tunayokunywa yana sumu?"

Karani akarudi nyuma mpaka ukutani. Alisema huenda ni tangi la chombo cha anga, na mafuta yake mengine ni sumu kali.

"Mwenyewe nani?" bibi akauliza.

"Nchi za mbali. Hatujui ipi."

"Sasa nifanyeje?"

"Urudishe ulikoutoa, bibi. Ila usiuguse."

Bibi akaomba mtu amtwishe. Foleni nzima tukatazama sakafu. Akajitwika mwenyewe, akatoka.

Siku hizi za soko huria kila chuma kina mnunuzi, lakini mpira ule hata mwenyewe hautaki. Redio hutusimulia ushujaa wa wanaopaa angani. Mimi nimebaki na aibu ya kutomsaidia yule bibi, na mpaka leo sijui kama wanayanywa maji yale.