Barua ya Kujiuzulu Chama Kilichokataliwa

Jumanne asubuhi, katika ofisi ya serikali ya kusajili wanachama wa vyama mjini Bungoma, mzee aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alishindwa kutulia. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Ni fundi cherehani, na binti yake anawania kiti cha wadi. Alitaka kujiunga na chama cha binti, ila kwanza ajiuzulu chama chake cha tangu miaka ya tisini, kilichoanzishwa na Waislamu.

Karani alitafuta kwenye kompyuta. "Mzee, hiyo chama haiko. Serikali ilikataa kuisajili."

"Haiko aje? Si nilishikwa Kitale juu yake, nikalala seli siku tatu?"

"Basi uko huru. Jiunge tu na hii ingine."

"Wenzangu walitoka kimya kimya, wengine wakaingia chama ya serikali. Mimi nataka kuaga."

Akasukuma barua yake. Karani alitutazama sisi wa foleni, akashika muhuri, akagonga: IMEPOKELEWA.

Mzee aliupuliza wino ukauke. "Leo serikali imekubali tulikuwako," akasema.

Nawajua waheshimiwa waliohama vyama vitatu. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akiaga.