Nani Ataitikia Vivuko vya Ruvuvu

Tangu nistaafu ualimu nimejitwika kazi ambayo hakuna aliyenituma: kukusanya habari za vivuko vya zamani vya mto Ruvuvu. Siku hizi watu hupita darajani. Ukimuuliza kijana wa bondeni babu zake walivukia wapi, atakuonyesha hilo hilo daraja. Mwanzoni nilikasirika, kisha nikajiuliza wangejuaje, wakati sisi wakubwa tumekaa kimya.

Aliyevijua vyote ni shangazi yangu, mjane aliyeishi peke yake juu ya mto. Marehemu mume wake alikuwa mvushaji. Nilikuwa nikishuka basi Kabanga, napanda bodaboda, nafika na vumbi mpaka masikioni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kuniona mimi au umeufuata mto?"

Nilimwambia vyote viwili. Hakuniamini.

Siku ya kwanza niliweka simu mkekani irekodi, nikanyamaza kabisa ili sauti yake itoke safi. Akaanza na kivuko cha Fahali Aliyegoma, ambako ng'ombe wa mahari alikataa maji na wakwe wakalala ng'ambo na njaa yao. Mara akakatiza.

"Umelala?"

"Nasikia, shangazi. Nimenyamaza kwa ajili ya simu."

"Kwa hiyo simu ndiyo itaniitikia? Kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi niseme, wewe uitikie."

Kwetu ndivyo ilivyo. Msimulizi hutua baada ya maneno machache, msikilizaji husema "ee", ndipo hadithi isogee. Usipoitikia, umemwacha mwenzio anaongea na wafu. Basi nikaitikia, naye akanishusha na mto, kivuko baada ya kivuko, hadi pale maharusi walipooshwa miguu kabla ya kuingia ukweni.

Kivuko cha mwisho, cha mume wake, alinisimulia simu ikiwa imeisha chaji. Nilimwambia nitarudi turekodi. Aliaga dunia wakati wa kuvuna maharage, kabla sijarudi.

Watoto wangu wako Mwanza. Wakija, kabla chai haijapoa wanaulizia basi la kurudi kupitia Nyakanazi. Mama yao alipokuwa hai walikaa zaidi. Safari iliyopita niliwasikilizisha sauti ya shangazi, na mkubwa akasema, "Ni nzuri, baba, ila hizo 'ee' zako zinaharibu. Zikatwe." Nilicheka, nikatoka kwenda kuangalia migomba ambayo haikuwa na shida yoyote. Nilijisikia mpweke kuliko siku niliyobaki peke yangu ndani ya nyumba hii.

Jana mchana niliweka simu mkekani. Kile kivuko cha mwisho kimebaki kichwani mwangu tu, na kichwa changu nacho kinazeeka. Nikaanza: hapa palikuwa na mvushaji aliyewavusha wakimbizi kutoka Burundi bila kuwauliza kabila. Nikatua. Mbuzi wa jirani akalia, basi. Nikaendelea, nikatua tena, mpaka nikamaliza.

Sitaki mtu azikate zile nafasi za kimya. Nimeziacha makusudi, kila moja na urefu wake. Wewe utakayesikiliza, hata kama mimi sipo, usiogope kuharibu sauti. Itikia.